Mirathi Kutoka Ng'ambo: Karatasi, Kodi na Benki (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Barua ya wakili wa ng'ambo hufika wakati msiba umeshapoa na watu wamerudi makazini. Ina kurasa nne: moja ina habari, tatu ni fomu. Kuanzia hapo maswali huwa yale yale, nasi tumeyakusanya hapa, tukianza na yanayomkuta kila mrithi na kuishia na yanayomkuta mmoja mmoja. Utaona jambo moja likijirudia: kodi ndiyo inayowatisha warithi, lakini kinachowachelewesha ni karatasi.

## Mambo ya mwanzo

1. Nimeandikiwa kwamba ndugu yangu aliyefariki ng'ambo ameniachia mali. Fedha nitazipata lini?

Si mapema. Mrithi ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kwanza lazima mtu atambuliwe kisheria kuwa msimamizi wa mirathi, kisha akusanye mali, alipe madeni na gharama za mazishi, alipe kodi, ndipo agawe kinachobaki. Uingereza, sheria ya 1925 inasema msimamizi halazimiki kugawa chochote kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kifo. Kwa hiyo wakili akikuambia "bado" mwezi wa nane, huenda hakuzungushi. Kama kuna nyumba ya kuuzwa au warithi wanaogombana, hesabu zaidi ya mwaka.

Unachoweza kudai mapema ni taarifa: nakala ya wasia au ya hati ya mahakama, orodha ya mali, na makadirio ya fungu lako.

2. Nitajuaje kama si utapeli?

Swali hili lingestahili kuwa la kwanza. Utapeli wa mirathi ni wa zamani na mbinu yake haijabadilika sana: tajiri asiye na mtoto amefariki, jina lake la ukoo linafanana na lako, mamilioni yamekwama benki, na wewe unaombwa ulipe "ada ya kibali" kidogo tu ili yaachiliwe. Ukilipa, kesho inatokea ada nyingine.

Kipimo kikubwa ni hiki: gharama za kusimamia mirathi hukatwa kwenye mali ya marehemu. Wakili wa kweli hakuombi utangulize fedha ili akupe fedha. Anachoweza kukuachia ulipe mwenyewe ni vitu vyako, kama kuthibitisha nakala ya pasi yako, na hizo unamlipa mthibitishaji wa hapo ulipo.

Kisha hakiki. Usipige namba iliyo kwenye barua. Nenda kwenye rejista ya chombo kinachosimamia mawakili wa nchi husika, tafuta jina la ofisi, na upige namba iliyoandikwa huko. Matapeli huiba majina ya mawakili wa kweli, hivyo kulikuta jina kwenye rejista hakutoshi. Omba pia kumbukumbu ya mahakama. Uingereza na Wales wasia ukishathibitishwa huwa waraka wa umma, na mtu yeyote anaweza kuomba nakala yake. Anayekuambia kwamba jambo hili ni siri na lazima limalizike kabla ya Ijumaa amekwisha kukupa jibu.

3. Inatumika sheria ya nchi gani?

Mara nyingi zaidi ya moja. Katika nchi nyingi ardhi na nyumba hufuata sheria ya mahali zilipo, na mali inayohamishika (fedha, hisa, magari) hufuata sheria ya makao ya marehemu. Nchi nyingi za Umoja wa Ulaya zina kanuni moja, namba 650/2012, inayotumika kwa vifo vya kuanzia tarehe 17 Agosti 2015: mirathi yote hufuata sheria ya nchi marehemu alimokuwa akiishi, isipokuwa kama aliandika kwamba anachagua sheria ya uraia wake. Denmark na Ireland hazimo.

Wasia pia una mipaka yake. Ufaransa mtoto mmoja ana haki ya nusu ya mali hata kama wasia unasema vingine. Wawili hupata theluthi mbili kwa pamoja, na watatu au zaidi robo tatu. Katika sheria ya Kiislamu wasia hauvuki theluthi, na zilizobaki hufuata mafungu. Kwa hiyo fungu uliloandikiwa na fungu utakalopata vinaweza kutofautiana, na hakuna aliyekuibia.

## Karatasi

4. Nitaombwa nini?

Pasi, uthibitisho wa anwani, cheti kinachoonyesha undugu wako na marehemu, taarifa za akaunti ya benki na namba yako ya mlipakodi. Vyote kwa nakala zilizothibitishwa, na zisizo katika lugha ya nchi husika zitataka tafsiri rasmi.

Nyaraka za serikali zinazovuka mpaka mara nyingi huhitaji apostili, yaani cheti kinachobandikwa kwenye waraka kwa mujibu wa Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961. Hicho huthibitisha kwamba saini na muhuri ni vya kweli. Kama nchi yako au yao haimo kwenye mkataba huo, utapitia njia ndefu: wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Kabla hujalipa chochote muulize wakili kama anataka apostili kwenye cheti chenyewe, kwenye tafsiri, au kwenye vyote viwili. Watu wengi hulipia mara mbili kwa sababu hawakuuliza.

5. Jina langu kwenye wasia halifanani na la kwenye pasi. Ni tatizo?

Ndiyo, na ndilo linalokwamisha faili nyingi kuliko kodi. Fikiria hali hii ya kawaida kabisa. Marehemu aliandika jina ulilokuwa ukiitwa nyumbani, bila jina la babu. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, pasi ina matatu, na cha ndoa kimeongeza la mume. Akaunti ya benki ilifunguliwa miaka ya nyuma na karani akasahau herufi "h". Kwako huyo ni mtu mmoja. Kwa karani wa ng'ambo asiyekujua, hao ni watu watano.

Dawa yake ni hati ya kiapo inayoyataja majina yote, herufi kwa herufi, na kusema yote ni ya mtu mmoja, ikiambatana na vyeti vinavyoonyesha jina lilibadilika wapi. Iandae sasa, usingoje kuombwa. Kisha nenda benki urekebishe jina la akaunti kabla fedha hazijatumwa, maana malipo yenye jina lisilooana na akaunti yanaweza kurudishwa yalikotoka, na makato hayarudi.

6. Mahakama ya kwetu imeshamteua msimamizi. Hati hiyo inakubalika huko?

Peke yake, kwa kawaida hapana. Uingereza inaweza kuipiga muhuri wake hati iliyotolewa na mahakama za nchi nyingi za Jumuiya ya Madola, chini ya sheria ya 1892, na hapo inapata nguvu bila kesi kuanza upya. Ni njia ya mkato nzuri, na inashangaza ni warithi wangapi hawaijui. Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna cheti cha mirathi cha Ulaya, kinachotambuliwa na nchi zilizo kwenye kanuni iliyotajwa kwenye swali la 3. Marekani mara nyingi hutaka kesi ya pili ya mirathi katika jimbo mali ilipo, hasa kama ni nyumba au ardhi.

## Kodi

7. Je, nitatozwa kodi kwa kupokea tu?

Neno "kodi ya mirathi" limebeba vitu viwili, nao ndio chanzo cha mkanganyiko.

Cha kwanza ni kodi inayotozwa kwenye mali ya marehemu kabla haijagawanywa. Msimamizi ndiye anayeilipa. Wewe unaona tu kwamba fungu limepungua. Uingereza ni hivyo: pauni 325,000 za kwanza hazitozwi, na kinachozidi hutozwa asilimia 40. Chukua mjomba aliyeacha pauni 500,000 kwa mpwa wake. Toa 325,000, zinabaki 175,000. Asilimia 40 yake ni 70,000. Mpwa anagawiwa kutoka kwenye 430,000, baada ya gharama. Nyongeza ya hadi pauni 175,000 kwa ajili ya nyumba ya kuishi hutolewa pale nyumba inapokwenda kwa watoto au wajukuu, kwa hiyo mpwa haipati. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, aliyeishi Uingereza miaka 10 kati ya 20 iliyopita hutozwa kwa mali yake yote duniani. Asiyefikia hapo hutozwa kwa iliyoko Uingereza.

Cha pili ni kodi inayotozwa mrithi mwenyewe kulingana na undugu. Ujerumani, mtoto ana msamaha wa yuro 400,000 kutoka kwa kila mzazi. Mpwa ana yuro 20,000 tu, na kiwango chake huanzia asilimia 15. Hapa fomu inaweza kuletwa kwako, hata kama hujawahi kukanyaga nchi hiyo.

Zipo pia nchi zisizo na kodi hizi kabisa. India iliifuta mwaka 1985, Sweden mwishoni mwa 2004, Norway mwaka 2014. Australia na Kanada nazo hazina, lakini Kanada humchukulia marehemu kana kwamba aliuza mali zake kabla tu ya kufa, na faida hutozwa kodi kwenye hesabu zake za mwisho. Jina la kodi ni jingine, ila mfuko unaopungua ni ule ule.

8. Huko wameshakata. Serikali ya ninakoishi nayo itakata?

Inategemea wewe ni mkazi wa nchi gani kwa mambo ya kodi, na uraia si kigezo isipokuwa katika nchi chache, Marekani ikiwa maarufu zaidi. Katika nchi nyingi urithi wenyewe hauhesabiwi kuwa mapato, kwa hiyo kodi ya mapato haiugusi. Lakini kutotozwa na kutotakiwa kutoa taarifa ni mambo mawili tofauti (tazama swali la 10).

Kama nchi zote mbili zina kodi ya mirathi, angalia kama kuna mkataba. Usidanganyike na mikataba ya kawaida ya kuzuia kutozwa mara mbili, ambayo ipo kwa mamia: mingi inahusu kodi ya mapato peke yake. Ile ya mirathi ni ya kuhesabu. Uingereza inayo na nchi 10 tu, zikiwemo Afrika Kusini, India, Pakistani, Ufaransa na Marekani. Pasipo mkataba, nchi nyingine hukubali kukupunguzia kiasi ulichokatwa kwingine, na ili upunguziwe lazima uwe na risiti ya kodi hiyo. Iombe kwa wakili kabla hajafunga faili.

9. Marehemu hakuishi Marekani, ila alikuwa na hisa za kampuni za Marekani. Kuna cha kuogopa?

Kipo, na huwashtua wengi. Kwa mkazi au raia wa Marekani msamaha wa kodi ya mirathi ni mkubwa mno: dola milioni 15 kwa vifo vya mwaka 2026. Kwa asiye raia wala mkazi, msamaha ni dola 60,000 tu za mali iliyoko Marekani, na hisa za kampuni za Marekani zinahesabiwa ziko huko hata kama alizinunua kwa simu akiwa bara jingine.

Tuseme ziko za dola 90,000. Kabla ya kutoa gharama na madeni, kodi inayokokotolewa ni dola 21,000, inaondolewa punguzo la 13,000, inabaki 8,000. Fomu 706-NA inatakiwa ndani ya miezi tisa tangu kifo. Wakala aliyeshika hisa hizo anaweza kukataa kuziachia hadi aone cheti cha uhamisho kutoka IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, na cheti hicho hakitoki haraka. Fedha zilizowekwa kwenye akaunti ya kawaida ya benki ya Marekani kwa kawaida hazimo kwenye hesabu hii.

10. Na kama mimi mrithi ndiye raia au mkazi wa Marekani?

Urithi kutoka kwa mtu wa nje hautozwi kodi ya mapato, lakini ukizidi dola 100,000 kwa mwaka unatakiwa kuutaja kwenye Fomu 3520. Ukipitiliza muda, faini ni asilimia 5 ya urithi kwa kila mwezi hadi kufikia 25. Yaani robo ya urithi inaweza kwenda kwa sababu ya fomu ya taarifa, bila kodi yoyote kudaiwa. Ukiacha fedha kwenye akaunti za nje na jumla yake ikapita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna taarifa nyingine inayoitwa FBAR.

11. Nimeshapokea. Kodi imekwisha?

Ya kupokea imekwisha. Sasa inaanza ya kumiliki. Riba, gawio na kodi ya pango ni mapato yako tangu siku mali ilipokuwa yako. Ukibaki na hisa za Marekani bila kujaza Fomu W-8BEN, utakatwa zuio la asilimia 30 ya gawio, hata kama mkataba wa nchi yako unaruhusu pungufu.

Ukiuza, swali ni faida inahesabiwa kuanzia wapi. Marekani na Uingereza huanzia thamani ya siku ya kifo. Kama marehemu alinunua hisa kwa 10,000, siku ya kifo zikawa 80,000, nawe ukauza kwa 83,000, kwao faida yako ni 3,000. Nchi nyingine, kama Australia kwa mali nyingi, humpa mrithi bei ya marehemu, na hapo faida ni 73,000. Sheria ya ninakoishi inasema nini? Hilo ndilo la kumuuliza mshauri wa kodi, ukiwa na ripoti ya thamani ya siku ya kifo mkononi. Karatasi hiyo moja ikipotea, miaka kumi baadaye hakuna atakayekumbuka bei.

## Benki

12. Nitoe akaunti ipi?

Yako, kwa jina lako. Usitumie ya kaka, ya mwenza wala ya kampuni. Kama benki yako ina akaunti ya fedha za kigeni, ifungue kwa sarafu inayotumwa, ili wewe ndiye uchague siku ya kubadilisha. Mpe wakili msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yako na wenye herufi 8 au 11, na IBAN (namba ya akaunti ya kimataifa) kama nchi yako inaitumia. Kataa hundi: benki nyingi hazipokei tena hundi za nje, na zinazopokea huchukua wiki nyingi.

Taarifa hizo zithibitishe kwa simu. Wadukuzi huingilia barua pepe na kubadilisha namba ya akaunti dakika ya mwisho. Fedha ikishakwenda, kuirudisha ni bahati.

13. Benki imezishikilia fedha na inaniuliza zimetoka wapi. Nimekosa nini?

Hujakosa. Sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinailazimisha benki kuuliza chanzo cha kiasi kikubwa kisicho cha kawaida kwako. Akaunti iliyozoea mshahara ikiingiziwa fedha nyingi kutoka ofisi ya mawakili, mtambo hupiga kengele wenyewe.

Kinachofanya kazi ni kwenda kabla. Peleka benki barua ya wakili inayotaja jina la marehemu, undugu wenu, kiasi na tarehe inayotarajiwa. Hati ya mahakama. Cheti cha kifo. Na hesabu ya mwisho ya mirathi inayoonyesha fungu lako. Muombe wakili aandike kwenye maelezo ya malipo "fungu la mirathi" pamoja na namba ya faili, wala si "zawadi" au "malipo".

Usiombe zikatwe vipande vidogo ili zisionekane. Kukata vipande ndiko kunakofanya fedha halali ifanane na haramu, na katika nchi kadhaa ni kosa hata kama chanzo ni safi. Wala hakuna cha kuficha: chini ya utaratibu wa CRS uliotungwa mwaka 2014 na OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, nchi zaidi ya 100 hupeana taarifa za akaunti za wakazi wake.

14. Mbona kiasi kilichofika ni pungufu?

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni benki za katikati, ambazo kila moja hukata chake njiani. Malipo yakitumwa kwa OUR, mtumaji hubeba makato, SHA mnagawana, BEN unabeba wewe. Ya pili, na ndiyo kubwa, ni kiwango cha kubadilishia. Tofauti ya asilimia 3 kwenye pauni 40,000 ni pauni 1,200, nayo haiandikwi popote kama ada. Kwa kiasi kikubwa, kiwango hujadiliwa: uliza kitengo cha fedha za kigeni, usikubali cha ubaoni.

## Yanayomkuta mmoja mmoja

15. Marehemu aliacha madeni. Naweza kukataa urithi?

Unaweza, ila kuna saa inayohesabu. Ujerumani mrithi hurithi na madeni, na ukikaa kimya unahesabiwa umekubali. Muda wa kukataa ni wiki sita tangu ujue, au miezi sita kama ulikuwa nje ya nchi hiyo. Uingereza na Marekani madeni huishia kwenye mali ya marehemu. Huko watu hukataa kwa sababu nyingine, yaani kutaka fungu liende kwa mtu mwingine. Marekani muda wa kukataa bila athari za kodi ni miezi tisa. Uingereza warithi wanaweza kukubaliana kubadilisha mgawanyo ndani ya miaka miwili tangu kifo. Usiguse fedha kwanza. Aliyekwisha kutumia ameshakubali.

16. Pensheni na bima vimo kwenye wasia?

Mara nyingi havimo. Huenda kwa mnufaika aliyeandikwa kwenye fomu, hata kama wasia unasema vingine, na ndiyo maana mtalaka bado hulipwa. Uingereza, pensheni nyingi ambazo hazijatumika zitaanza kuhesabiwa kwenye kodi ya mirathi kwa vifo vya kuanzia tarehe 6 Aprili 2027.

17. Kampuni imesema imegundua mirathi yangu, na inataka asilimia kabla ya kunitajia marehemu.

Wawindaji wa warithi wapo kweli, wengine ni halali. Usisaini siku hiyo hiyo. Tafuta kwanza katika familia ni nani alihamia huko, kisha kwenye rejista za vifo na za wasia. Uingereza, mali isiyo na mrithi huenda serikalini, na ndugu wanaweza kuidai ndani ya miaka 12 tangu usimamizi ukamilike, na kwa hisani hadi miaka 30 tangu kifo. Muda wa kutafuta unao. Ukiamua kusaini, asilimia ikatwe kwenye fungu utakalopokea, isitangulizwe (swali la 2).

18. Mrithi ni mtoto mdogo.

Fedha hushikwa na wadhamini au mlezi aliyeidhinishwa na mahakama mpaka afikie umri wa sheria. Msimamizi wa ng'ambo anaweza kukataa kumlipa mzazi bila amri ya mahakama.

19. Tumeachiwa nyumba, ndugu watatu, wote tuko nje. Tuiuze au tuipangishe?

Kodi haina jibu hapa, lakini ina gharama za kila upande. Mkipangisha Uingereza mkiwa mnaishi nje, wakala hukata asilimia 20 ya pango baada ya matumizi yanayoruhusiwa, isipokuwa mmepata kibali cha kulipwa bila makato. Mkiuza, taarifa ya faida hutolewa ndani ya siku 60 tangu mauzo yakamilike, na kila mmoja hutoa yake. Marekani mnunuzi hukata asilimia 15 ya bei nzima mauzo yakifanywa na mtu wa nje, nanyi mnadai ziada baadaye.

Kwa uzoefu wetu nyumba inayomilikiwa na watatu walio nchi tatu huharibika paa kabla hawajakubaliana. Mkichagua kuipangisha, andikianeni mapema nani analipa bima, nani anasaini kwa niaba ya wengine, na anayetaka kutoka ananunuliwa kwa thamani ya tarehe gani.